Mafundi watatu, sensa moja, na taa bado inawaka

Shikamoo fundi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kihonda hapa Morogoro. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, gia otomatiki. Niliachiwa na mjomba wangu alipohamishiwa Dodoma. Lilikuja kutoka Japani likiwa mtumba, kama magari yetu mengi, na kwa miaka yote niliyokaa nalo halikunisumbua zaidi ya bushi na betri.

Mwaka jana nikitoka Dar lilichemsha karibu na Chalinze. Fundi wa pale barabarani alinisaidia. Akatoa themostati, akasema kwa joto letu haina kazi, hiyo ni ya nchi zenye baridi. Namshukuru, maana tangu siku ile halijachemsha tena. Nikiwa safarini mshale wa joto hata robo haufiki.

Shida yangu ni nyingine. Miezi michache baadaye taa ya njano yenye mchoro wa injini iliwaka kwenye dashibodi na haikuzimika. Gari likaanza kula mafuta. Zamani barabara kuu lita moja ilinipa kilomita 12 mpaka 13. Sasa hata 9 ni za kubembeleza. Asubuhi nikiwasha linanuka petroli, na ukuta ninapoegesha umepata doa jeusi ambalo mwenye nyumba ameshaniuliza habari zake.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya kusomea matatizo, haikusoma kitu. Akasema kwa uzoefu wake hiyo ni sensa ya oksijeni. Nikaagiza Gerezani, kwenye maduka ya spea kule Dar, nikaletewa ya mtumba kwa shilingi 35,000. Alipoifunga na kuchomoa betri kidogo, taa ikazima. Nikafurahi. Wiki ya pili ikarudi.

Fundi wa pili aliifungua ile ile, akaiosha kwa petroli na brashi ya waya, akairudisha. Hakuna kilichobadilika.

Wa tatu ndiye amenichanganya. Anasema sensa si kitu, tatizo ni masega kwenye ekzosi, kile kifaa kinachosafisha moshi, yameziba. Anataka kuyakata, aweke bomba tupu, kisha aikate waya wa ile taa "uishi kwa amani". Anasema masega yana mnunuzi, kwa hiyo hata hela ya ufundi nisijali, na chenji nitabaki nayo. Mume wangu naye anasema niliuze hili gari, Dar niende kwa treni ya SGR.

Fundi, ninunue sensa nyingine mpya? Nisikie ushauri wa kukata masega? Au nikubali yaishe? Na kama ni kubadili sensa, je, ni kazi ninayoweza kuisimamia mwenyewe ili nisizungushwe tena?

Mwalimu wa Kihonda, Morogoro

*

Marahaba mwalimu, na pole kwa kuzungushwa.

Nitaanza na jambo ulilolitaja kwa shukrani: themostati. Huyo bwana wa Chalinze alikutoa njiani ukafika nyumbani, hilo tusimnyime. Lakini maneno yake kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi yamewaharibia wengi magari, na wewe ni mmoja wao. Injini yako imeundwa ifanye kazi maji yakiwa na joto la nyuzi 80 na kitu, iwe Sapporo kwenye baridi ya Japani au Morogoro. Themostati ya Toyota ya aina yako huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kabla ya hapo inafunga njia ya rejeta ili injini ipate moto haraka, na baada ya hapo inalinda joto lisishuke. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote. Ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, upepo unayapoza kupita kiasi, na ndiyo maana mshale wako hauvuki robo. Mshale wa Corolla iliyo sawa hutulia chini kidogo ya nusu na kukaa hapo hapo.

Sasa tazama linalofuata. Kwenye injini kuna sensa nyingine, ndogo, inayopima joto la maji na kulipeleka kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta ikiambiwa maji bado ya baridi, inaongeza petroli, kazi ile ile iliyokuwa ikifanywa na choki enzi za kabureta. Gari lenye themostati huongezewa kwa dakika chache za asubuhi. Lako, kwa kadiri unavyoeleza, linaongezewa njia nzima mpaka Dar. Harufu ya petroli, masizi ukutani na kilomita zinazopotea, sehemu kubwa ya hayo inaelezeka hapo bila kuigusa sensa ya oksijeni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha themostati mpya yenye gasketi yake, na kuifunga vizuri: kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wake kielekee juu, hewa ipate pa kutokea. Halafu itafutwe sababu iliyofanya gari lichemshe siku ile. Rejeta iliyojaa kutu kwa sababu ya maji ya bomba, kizibo cha rejeta kisichoshika presha, feni isiyowaka kwa wakati, chagua hapo. Ukirudisha themostati bila kutibu chanzo, litachemsha tena na utamlaumu aliyekushauri.

Sensa ya oksijeni sasa.

Si kifaa kipya hata kidogo. Bosch waliitengeneza, na Volvo ndiyo iliyoifunga kwanza kwenye magari yake ya soko la Marekani mwaka 1976. Ndani ina kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia. Upande mmoja wa kikombe unaguswa na moshi wa injini, upande wa pili na hewa ya nje. Kauri hiyo ikishapata moto wa nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme mdogo sana. Petroli ikizidi, oksijeni kwenye moshi inakuwa haba na umeme unapanda karibu volti 0.9. Petroli ikipungua, oksijeni inabaki nyingi na umeme unashuka karibu volti 0.1. Kompyuta inaangalia namba hizo zikipanda na kushuka, inaongeza na kupunguza mafuta kwa kufuata, ili kila gramu moja ya petroli ipate gramu 14.7 za hewa.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Sensa hii haipimi mafuta. Inapima oksijeni peke yake, basi. Ni shahidi aliyesimama mlangoni akihesabu wanaotoka; ndani hajaingia. Chukua plagi moja iliyokufa. Silinda ile haichomi, oksijeni yake yote inatoka nzima, sensa inasema "mafuta pungufu", kompyuta inaongeza petroli, gari linanuka na kubugia. Chukua gasketi iliyovuja ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), au manifoldi yenye ufa, juu ya pale sensa ilipo. Kila pigo la injini linavuta hewa kidogo ya nje kupitia kwenye ufa, sensa inaiona oksijeni hiyo na kutoa taarifa ile ile ya uongo. Hapo unaweza kufunga sensa mpya kila mwezi na tatizo likakaa pale pale, maana sensa inasema kweli juu ya kile inachokiona.

Kabla hujatoa hela nyingine, basi, fungueni plagi zote nne mziangalie. Muwashe gari asubuhi likiwa la baridi na msikilize kwenye manifoldi: uvujaji hulia "tik-tik-tik" kwa kufuata mzunguko wa injini, na mara nyingi hupungua chuma kikishapata moto na kutanuka, ndiyo maana mchana fundi hasikii kitu. Alama za masizi kwenye maungio ni ushahidi tosha.

Kuhusu ile mashine isiyosoma. Wala haikuwa mbovu. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2, ule wa pamoja wa kusomea makosa ya injini, kwa magari mapya kuanzia yale ya mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Lako lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na Corolla za wakati ule zilikuwa na lugha yao wenyewe, hata kama tundu la kuchomekea lina umbo lile lile. Raha ya magari haya ni kwamba huhitaji mashine kabisa. Unahitaji kipande cha waya.

Fungua boneti utafute kisanduku cheusi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Kifuniko chake kinafunguka kwa ukucha, na kwa ndani kimechorwa ramani ya matundu yote na majina yake. Tafuta TE1 na E1. Gari likiwa limezimwa, gia ikiwa P na kiyoyozi kimefungwa, unganisha matundu hayo mawili kwa kipande kifupi cha waya. Soma majina kwa makini, maana mle ndani kuna tundu lenye umeme wa betri, nalo ni +B. Ukiligusisha na E1 utaunguza fyuzi. Kisha zungusha ufunguo hadi pale taa za dashibodi zinapowaka, usiwashe injini. Ile taa ya injini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka haraka bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika kidogo, kisha mara moja, hiyo ni 21: sensa ya oksijeni au waya zake. Mbili kisha tano ni 25, kompyuta inalalamika mchanganyiko una mafuta pungufu. Mbili kisha sita ni 26, mafuta yamezidi. Ziandike zote, maana zinaweza kuwa zaidi ya moja na zitajirudia kwa zamu.

Ukipata 25 peke yake, rudi kwenye plagi na uvujaji kabla ya kununua chochote. Ukipata 21, hapo sensa inastahili kushukiwa, pamoja na waya zake, ambazo baada ya miaka 20 na kitu kwenye joto la manifoldi huwa zimekauka na kupasuka ganda. Namba hizi zinaonyesha eneo la ugonjwa tu. Fundi akiona 21 akakimbilia dukani, bado anabahatisha, ila sasa anabahatisha karibu zaidi.

Ipo njia ya kuijaribu sensa ikiwa ndani ya gari, nayo iko kwenye vitabu vya Toyota vyenyewe. Kwenye kisanduku kile kile tafuta VF1. Waya wa TE1 na E1 ukiwa umeunganishwa, weka voltimita ya mshale kati ya VF1 na E1. Injini ikishapata moto sawasawa (na hapa utaona kwa nini nimeanza na themostati), ishike kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika kama mbili, sensa nayo ipate moto, kisha ukiwa hapo hapo kwenye 2,500 hesabu mshale unachezacheza mara ngapi ndani ya sekunde 10. Mara 8 au zaidi, sensa ni nzima. Pungufu ya hapo ni sensa iliyochoka au haijapata moto wa kutosha. Mshale ukilala chini au ukiganda juu, kuna jambo. Asiye na mita ya mshale atumie ya dijitali kwenye waya wa ishara wa sensa na aone namba zikiruka kati ya 0.1 na 0.9. Taa ya kupimia umeme, ile yenye balbu, isiguse waya huo kabisa; inavuta umeme kuliko sensa inavyoweza kutoa.

Ile ya shilingi 35,000 sikushangaa ilipokufa. Sensa isiyo na hita huchakaa kati ya kilomita 50,000 na 80,000. Yenye hita huvuka 100,000. Sensa ya mtumba imetoka kwenye injini iliyokwisha safari yake Japani, na hakuna anayejua imebakiza nini. Taa ilizima kwa sababu betri ilichomolewa na kumbukumbu ya kompyuta ikafutika, si kwa sababu kitu kilipona. Ujanja huo unaujua sasa: fundi akichomoa betri na kukuonyesha taa imezima, mwambie utalipa baada ya wiki mbili.

Kuosha kwa petroli na brashi ya waya ni kumalizia kuua. Kichwa cha sensa kimefunikwa na tabaka jembamba la kinga na platinamu chini yake. Brashi inakwangua hivyo vyote. Masizi makavu huhitaji kuchomwa na joto la injini inayofanya kazi sawasawa, yataondoka yenyewe. Lakini kabla hujatupa sensa ya zamani iangalie kichwa chake, kuna habari pale. Cheusi kikavu kama masizi ya sufuria, petroli imekuwa ikizidi. Cheusi chenye mafuta, injini inakunywa oili. Cheupe chenye ukoko, ama maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda au kuna aliyepaka gundi ya silikoni kwa fujo kwenye gasketi. Mvuke wa silikoni ya kawaida huua sensa haraka sana, ndiyo maana kwenye makopo mengine huandikwa kwamba ni salama kwa sensa. Chekundu chekundu kama kutu, kuna kitu kimechanganywa kwenye petroli. Risasi ilikwisha kuondolewa kwenye petroli yetu, nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini uchakachuaji bado tunao, na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, haikuanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta kwa kujifurahisha. Jaza kwenye kituo chenye magari mengi, petroli haikai tangini.

Ikiwa vipimo vimekubali kwamba sensa imekufa, nunua mpya. Nenda dukani na namba ya chesisi, ile inayoanza na AE110, na uende na sensa ya zamani mkononi. Hesabu waya zake. Moja, maana yake haina hita na inategemea moto wa moshi. Tatu au nne, ina hita ndani. Usikubali kubadilishiwa ya waya nne kwa ya waya moja kwa maelezo ya "tutaunganisha". Kwa namba za Toyota, sensa ya oksijeni ya kawaida huanza na 89465. Ikianza na 89467 hiyo ni ya aina ya A/F (uwiano wa hewa na mafuta), ya magari ya baadaye, inafanana kwa sura lakini inazungumza na kompyuta kwa namna nyingine kabisa; kwenye gari lako haitafanya kazi hata ikifunga vizuri. Denso ndio wanaozitengeneza nyingi za Toyota, NTK nao ni wa kuaminika. Boksi lenye chapa ya Denso lakini bei ya kutupwa, chapa iliyofifia au sensa isiyo na namba iliyochorwa kwenye chuma chake, mrudishie mwenyewe. Hili ndilo eneo ambalo ningekushauri usibane hela.

Umeuliza kama unaweza kuisimamia kazi. Unaweza, tena vizuri, maana ni fupi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90 sensa haijafungwa kwa uzi wake wenyewe. Imekaa kwenye flanji (bati la kuungia) yenye nati mbili za spana 12, kwenye manifoldi ya ekzosi mbele ya injini, unaiona ukifungua boneti na kutoa bati la kukinga joto. Magari mengine sensa inajifunga kwa uzi, spana 22. Yako ikiwa ya nati mbili, adui ni kutu kwenye stadi, zile bolti zinazofungiwa nati hizo. Jioni ya kabla, nati zinyunyiziwe mafuta ya kulegeza kutu, na asubuhi zinyunyiziwe tena. Injini iwe vuguvugu wakati wa kufungua, si ya moto wa kuunguza. Spana iwe ya duara na yenye pembe sita, isiwe ya mdomo, na fundi aende mbele na nyuma kidogo kidogo. Akianza kuning'inia kwenye bomba la kurefusha spana, msimamishe. Stadi ikikatika ndani ya manifoldi, kazi ya nusu saa imegeuka kuwa ya kuchomelea na kutoboa.

Sensa mpya isidondoke sakafuni. Ndani ni kauri. Kichwa kisipakwe kitu chochote, hata grisi ya vidole. Gasketi ya flanji iwe mpya, maana ya zamani ikivuja tumerudi kule kule kwenye hewa ya uongo. Na kuna jambo moja la waya ambalo mafundi wengi wenye mkono mzuri hawalijui: sensa nyingi hupata hewa yake ya nje, ile ya kulinganishia, kwa kupitia katikati ya nyuzi za waya wenyewe. Waya ukiunganishwa kwa kuchomelea risasi, au soketi ikijazwa grisi au kupuliziwa dawa ya kusafisha, sensa inakosa pumzi na kutoa namba za ajabu. Ndiyo maana ninasisitiza ya soketi inayoingia moja kwa moja bila kukata waya. Kisha waya upitishwe mbali na manifoldi na ufungwe kwenye klipu yake.

Sasa yule wa masega. Sitamsema vibaya mtu nisiyemjua, ila swali ni dogo: aliyapimaje? Masega yaliyoziba yana dalili zake, na kubwa ni gari kukosa pumzi ukikanyaga, linagoma kupanda kasi kama limeshikwa kwa nyuma. Hujaitaja kabisa dalili hiyo. Umetaja mafuta na masizi. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo sababu wanunuzi wanazunguka gereji kwa gereji, na fundi mwenye mnunuzi tayari ana sababu ya kuyaona ya kila mtu yameziba. Ukitaka kumpima, sensa ikiwa imefunguliwa lile tundu lake linaweza kufungiwa geji ya presha. Kama hana geji hiyo, hana alichopima. Na kukata waya wa taa ni kumnyamazisha anayekuonya, siku kitu kingine kwenye injini kikiharibika kompyuta haitakuwa na pa kusemea.

Tahadhari moja inayoyahusu masega ni kwamba petroli ikizidi kwa muda mrefu huenda kuungulia humo humo ndani, masega yakapata moto kupita kiasi, yakayeyuka na kuziba kweli. Kwa hiyo usiiache hali hii mwaka mwingine.

Kuhusu treni, mheshimiwa yuko sahihi kwa safari ya kwenda Dar na kurudi, hata mimi ningepanda. Ila SGR haitakufikisha shuleni asubuhi, na Corolla 110 yenye injini nzima ukiiuza leo kwa bei ya gari linalokula mafuta, atakayeinunua ataweka themostati na kukucheka.

Fuata basi mpangilio huu: themostati na chanzo cha kuchemka, plagi na uvujaji wa ekzosi, kusoma namba kwa waya. Ukimaliza hayo futa kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, ile ya ampia 15, kwa sekunde 10 au zaidi, uirudishe, uliendeshe wiki nzima kwa safari zako za kawaida na upime tanki kwa tanki. Kuna uwezekano mkubwa ulaji wa mafuta utashuka hata kabla ya sensa mpya. Unganisha tena TE1 na E1 uhesabu. Ikirudi 21 na kile kipimo cha 2,500 kikashindwa, nunua sensa. Ikirudi 26 na mshale wa joto uko pale unapotakiwa, mwambie fundi apime sensa ya joto la maji: ikiwa ya baridi, nyuzi kama 20, iwe kati ya kilo-omu 2 na 3, na kwenye nyuzi 80 iwe kati ya 0.2 na 0.4. Ikiwa nayo ni nzima, tutazungumza habari za nozeli na presha ya petroli. Niandikie namba ulizozipata na rangi ya plagi zote nne, kila moja na silinda yake.